Mikono ya Mzee Fundi

Mwanamke aliyeketi mbele yangu alikuwa akijipepea kwa programu ya mazishi. Ilikuwa Alhamisi, ibada ya kumuaga marehemu kabla ya safari ya ushago, na nusu ya mtaa wa Jericho, Nairobi, ilikuwa imejazana kanisani chini ya mabati yaliyoshika moto. Programu ikipanda, naona paji la uso. Ikishuka, naona shavu. Ilipopanda mara ya tatu nikautambua ule mwanga.

Nilikuwepo ulipoingia.

Mwavuli wa kijani wa marehemu, Mzee Fundi mshona viatu, ulikuwa na tundu upande mmoja. Februari ya mwaka juzi, yapata saa nne asubuhi, jua lilipenya hapo likamtua shavuni wakati ameuma uzi wenye nta. Mkono wa kulia ulishika sindano. Wa kushoto ulikuwa umezama wote ndani ya kiatu cha kike cha rangi ya kahawia, kisigino kimebanduka. Nilibonyeza mara moja tu. Nilijua papo hapo kwamba nimepata picha ambayo sijawahi kuipata, na hadi leo sijapata nyingine ya kuifikia.

Kwenye programu walikuwa wamekata mikono. Ulibaki uso peke yake, umewekwa juu ya mawingu ya buluu, njiwa mweupe kila upande. Jina langu, ambalo huliweka kwa herufi ndogo kwenye kona ya chini, lilikuwa limeondoka pamoja na mikono.

Sikukasirika.

Hilo ndilo lililonisumbua wiki nzima, kisha ya pili, kisha ya tano. Kwa nini sikukasirika?

## Oktoba kwenye kalenda

Maana miezi michache kabla ya hapo nilikuwa nimekasirika hasa. Nilikwenda kwa kinyozi kumchukua mpwa wangu, nikainua macho ukutani, nikakuta jakaranda zangu kwenye kalenda ya kampuni fulani. Ukurasa wa Oktoba. Picha niliipiga barabara ya State House, asubuhi ambayo maua yalikuwa yameifunika lami kiasi kwamba magari yalionekana yakipita juu ya zulia la zambarau. Hawakuniomba. Hawakunilipa. Jina langu walilikata.

Jina la kampuni silitaji, kwa sababu tulimalizana. Lakini namna tulivyomalizana inafaa kujulikana na kila anayepiga picha kwa kupenda tu. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, picha ni yako tangu unapoipiga. Huhitaji kwanza kuisajili kwa Bodi ya Hakimiliki, ingawa cheti cha usajili hurahisisha ushahidi mkibishana. Mimi sikuwa na cheti. Nilikuwa na faili ghafi, lile ambalo kamera huliandika kabla ya picha kubanwa na kupunguzwa kwa ajili ya mtandao. Wao walikuwa na nakala ndogo waliyoipakua. Niliandika barua fupi, nikataja bei, nikawaonyesha faili. Baada ya wiki tano nililipwa shilingi 12,000.

Kwa hiyo nilijua haki yangu, na nilijua njia ya kuidai. Sasa nikawa nimeketi kanisani, nikitazama watu waliofanya jambo lile lile: walichukua, wakakata, wakachapisha. Moyo wangu ukawa mzito kwa kitu ambacho hakikuwa hasira.

Jibu la kwanza lilikuwa rahisi. Ni msiba. Nani anadai jina lake mbele ya jeneza?

Jibu la pili lilikuja usiku, siku kadhaa baadaye, nikiwa najumlisha risiti. Mchana mimi ni karani wa hesabu katika duka la spea, Kirinyaga Road, na kazi hiyo imenifundisha kwamba kila daftari lina kurasa mbili. Nilikuwa nimejaza ukurasa wa ninaowadai na walionipokonya. Ule mwingine sikuwahi kuufungua.

## Dakika kumi kwa miguu

Picha ya Mzee Fundi niliwahi kuipeleka Shutterstock, mtandao wa kuuza picha, pamoja na nyingine nyingi. Jakaranda walizipokea. Sufuria za soko la Gikomba walizipokea. Ya Mzee Fundi ilirudi na maelezo mafupi: uso unatambulika, kwa matumizi ya kibiashara inahitajika fomu ya idhini iliyotiwa saini na mwenye uso.

Niliudhika. Nakumbuka hata nilimwambia rafiki yangu kwamba watu hawa hawaelewi picha za mtaani.

Mzee Fundi alikuwa akikaa kwenye kibanda chake, karibu na soko la Jericho, kuanzia saa moja asubuhi hadi giza. Kutoka kwangu ni dakika kumi kwa miguu. Fomu ni ukurasa mmoja. Sikuipeleka. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, na kila nikijiuliza jibu ni lile lile: ningempa kalamu, angeniuliza, "Na mimi napata nini?" Sikuwa na la kumjibu. Nilichokuwa nacho ni matumaini yangu mwenyewe.

Badala yake niliituma kwenye mashindano. Sony World Photography Awards wana kundi la picha mojamoja ambalo yeyote anaweza kuingia bila kulipa, na sisi wengi tunaopiga picha wikendi huanzia hapo. Haikuchaguliwa. Lakini fikiria njia iliyopitiwa na uso ule: umetoka Jericho, umefika kwa waamuzi ng'ambo, umerudi, umewekwa kwenye ukurasa wangu, umependwa na watu mia nne na zaidi.

Yeye mwenyewe hakuwahi kuuona.

Mwaka 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Shule moja ikatozwa 4,550,000 kwa picha za watoto ambao wazazi wao hawakuulizwa. Nilizisoma habari hizo nikiwa kwenye matatu, nikaona ni sawa kabisa, nikaendelea na safari. Hayo ni ya wafanyabiashara, niliwaza. Sheria yenyewe, ya 2019, inaacha nafasi kwa uandishi wa habari na sanaa, na mimi nilijiweka kwenye kivuli hicho bila hata kujiuliza kama kinanitosha. Nadhani hata mahakama ingeniona sina kosa. Lakini si mahakama iliyokuwa ikinisalimia kila asubuhi nikipita kwenda stejini.

## Daftari

Wanaoanza huniuliza kuhusu pesa, kwa hiyo niseme nilichokiona kwa macho yangu. Yote nimeyaandika kwenye daftari lenye jalada gumu.

Mitandao ya kuuza picha: picha 212, miezi minane, chini ya dola 9. Shutterstock, tangu Juni 2020, humpa mpiga picha kati ya asilimia 15 na 40 ya mauzo kulingana na idadi anayouza, na kila Januari kila mtu anarudishwa ngazi ya chini kabisa. Mtu mwenye maelfu ya picha anaweza kupanda tena mapema. Mimi ningebaki pale pale chini. Sisemi hakuna riziki huko. Ipo kwa anayepiga watu wakiwa kazini, mapishi, madarasa, hospitali, kwa idhini zilizotiwa saini. Tunarudi pale pale kwenye ile fomu.

Mialiko ya kupiga picha bure kwa ahadi ya "utajulikana": sita. Uzinduzi wa vitabu, maonyesho ya mitindo, siku ya kuzaliwa ya mtu mwenye wafuasi wengi. Katika hiyo sita, mmoja tu alirudi na pesa, mama anayeoka keki, tena yeye hakuwa mwenyeji. Alikuwa ameleta keki.

Harusi, nikiwa msaidizi wa mpiga picha mwingine: 4,000 kwa siku. Hapo ndipo nilipojifunza kazi. Kubeba taa, kujua mahali pa kusimama pete inapovishwa, kubadilisha betri bila kuangalia, kula ukiwa umesimama. Kama kuna kijana anayesoma hapa na hajui aanzie wapi, amtafute mtu anayefanya harusi na ruracio, sherehe ya mahari ya Wakikuyu, aombe kubeba begi.

Sote tulitaka kuwa kama mpiga picha Mutua Matheka. Alisomea usanifu majengo, akaipiga picha Nairobi mpaka wenyeji wakaanza kuiona kwa namna nyingine, na tukapanda Upper Hill na tripodi zetu kutafuta mstari ule ule wa majengo. Sijutii usiku ule, ulinifundisha kuishika kamera isitikisike. Lakini majengo hayana wa kukupigia simu Jumatatu.

## Muhuri

Mtu aliyenibadilisha alikuwa mmoja wa wale wazee waliokuwa wakipiga picha Uhuru Park, kabla bustani haijafungwa 2021 kwa ukarabati wakatawanyika. Nilimkuta karibu na jumba la mikutano la KICC, kamera shingoni, albamu ya mifano mkononi. Tuliongea muda mrefu. Aliuliza naosha wapi picha zangu, yaani nazitoa wapi kwenye karatasi. Nikamwambia huwa sioshi, naziweka mtandaoni.

"Kwa hiyo unampiga mtu halafu unaondoka naye," alisema. Hakuwa ananilaumu. Alikuwa anataka kuelewa.

Kisha akanionyesha nyuma ya picha moja ya zamani. Palikuwa na muhuri wa zambarau uliofifia: jina la studio, mtaa, sanduku la posta. Akasema kuna wateja waliomfuata miaka kumi baada ya picha, wakiwa na ile karatasi mkononi, kwa sababu ya muhuri.

Wiki hiyo hiyo nilikwenda kwa wachonga mihuri kwenye vichochoro vya River Road, nikachongewa wangu: jina na namba ya simu, mistari miwili. Nikaanza kuosha. Saizi ya positikadi, ambayo wakati huo gharama yake haikuzidi bei ya chapati mbili. Kila niliyempiga nikampelekea. Mama mboga aliipachika yake kwa pini juu ya mizani. Makanga mmoja aliweka yake kwenye kioo cha matatu, na kwa miezi mitatu nikawa napata simu kutoka kwa watu ambao sijui walipandia wapi.

Simu zile ndizo zilizonipa kazi ninayoifanya sasa wikendi. Hawakutaka majengo. Walitaka nije nyumbani kumpiga picha baba, au mama, au shosho aliyeletwa mjini kwa matibabu, wakati bado ana nguvu za kuvaa vizuri na kukaa wima.

Mteja wa kwanza aliniuliza bei kwa simu. Nikasema elfu tatu na mia tano. Akanyamaza, nami nikawa tayari kupunguza, mdomo ulishafunguka. Akauliza, "Na hiyo ni pamoja na zilizooshwa?" Nikasema ndiyo, mbili kubwa. Akasema sawa, akatuma nusu kwa M-Pesa kabla hatujakata simu. Ile bei sijaipunguza tangu siku hiyo, na nusu ya kwanza huwa naipokea kabla sijatoka nyumbani.

Kamera yangu ni Canon 600D ya mtumba, iliyotoka 2011, na lenzi ya milimita 50. Inatosha. Taa yangu ni mlango. Namkalisha mzee ndani, hatua moja au mbili kutoka mlangoni, akitazama nje, jua lisimguse. Mwanga unaingia laini na kujaza mikunjo ya uso bila kuifuta. Usisubiri machweo. Nairobi iko nyuzi moja na kitu kusini mwa ikweta, jua linashuka wima, na ule mwanga wa dhahabu tunaousoma kwenye mafunzo ya Wazungu hapa unakupa dakika chache kisha unakuacha na giza. Picha zangu nzuri za wazee zimetoka Julai, wingu limetanda, kila mtu analalamika baridi.

## Yule baba wa reli

Je, ninakula kwa kifo? Swali hilo nimelibeba.

Binti mmoja wa Makongeni aliniita nimpige picha baba yake. Tukiwa sebuleni akanivuta kando na kusema kwa sauti ya chini, "Tunataka nzuri, ya programu. Tusije tukahangaika." Baba alikuwa chumba cha pili, na kuta za nyumba zile zinajulikana.

Alitoka amevaa kofia yake ya kazi ya reli. Akakaa mlangoni nilipomwonyesha. Nilikuwa nimeshika kamera na sijui niseme nini, kwa maana nilijua amesikia na yeye alijua ninajua. Akaishusha ile kofia kidogo, akaipandisha tena, akaniambia, "Kijana, chukua muda wako. Hiyo ndiyo watakayonitazamia."

Nilichukua muda wangu. Saa moja na nusu. Nilimwonyesha kila picha kwenye kioo cha kamera, akakataa kumi na moja. Ile aliyoichagua mimi nisingeichagua: amekaza uso, hatabasamu, kofia imeficha nusu ya nywele nyeupe. Niliiosha hiyo.

Tangu hapo mwenye uso ndiye anayechagua. Kisheria, kazi ukiagizwa na kulipwa, hakimiliki inahesabiwa imehamia kwa aliyekuagiza, isipokuwa mkikubaliana vingine. Zamani nilikuwa naandika karatasi ya kuibakiza yote kwangu. Sasa ninaomba mambo mawili tu: jina langu libaki kwenye picha, na nikitaka kuionyesha popote nipige simu kwanza. Nimepiga simu mara tisa. Mara mbili nimeambiwa hapana, na moja kati ya hizo mbili ingekuwa picha bora ya mwaka wangu.

Mama mboga alipata yake, basi. Makanga alipata. Yule baba wa reli alipata mbili kubwa.

Mzee Fundi hakupata.

Sababu naiandika hapa kwa mara ya kwanza: nilikuwa naitunza. Ilikuwa picha yangu kubwa. Niliona kuiosha kwa saizi ya positikadi ni kuishusha, nikaisubirisha maonyesho, fremu, ukuta mweupe, jina langu pembeni. Nilipita mbele ya kibanda chake karibu kila siku kwa mwaka na zaidi nikiwa na uso wake kwenye simu mfukoni. Mjukuu wake ndiye aliyeipakua kutoka ukurasa wangu, usiku wa matanga, kwa sababu katika nyumba nzima hapakuwa na picha nyingine ya babu isipokuwa ile ya kitambulisho.

## Jumamosi iliyopita

Niliiosha kwa ukubwa wa magazeti, yote, kuanzia tundu la mwavuli hadi kisigino kilichobanduka. Nikapiga muhuri nyuma. Nikaenda.

Mkewe alinikaribisha, akaniwekea chai kabla hajauliza nimeleta nini. Nilianza na pole, kisha nikamwambia kwamba picha ya kwenye programu niliipiga mimi, kwamba sikumwomba mzee ruhusa, na kwamba nilipaswa kuileta akiwa hai. Alisikiliza. "Kwani ni wewe?" aliuliza. "Sisi tulidhani ni mtu wa mbali."

Nikafungua bahasha.

Hakuutazama uso. Alikuwa na uso ule kwenye programu kumi zilizobaki juu ya kabati. Alishika picha kwa mikono miwili, akaisogeza dirishani, akaweka kidole pale mkono wa kushoto wa mumewe unapoingia ndani ya kiatu. Akakaa hivyo. Chai yangu ilipata utando juu.

"Hiki kiatu," alisema mwishoni, "bado kiko."

Akainuka, akaingia chumbani, akarudi na gunia lililofungwa kwa kamba. Akalifungua sakafuni, akatoa kimoja kimoja, viatu vya watu ambao hawakurudi, mpaka akakipata: cha kahawia, kisigino kimeshonwa kwa uzi wa nta, kazi safi, na kwenye soli namba imeandikwa kwa chaki. Akakiweka mezani karibu na picha.

"Mwenyewe alilipa nusu," alisema. "Wewe unajua watu wengi. Ukiiweka tena huko unakoweka, na mikono na kiatu vyote vikionekana, si ataweza kukiona aje akichukue?"

Nikamwuliza kama ananiruhusu.

"Ndiyo, mwanangu. Na uandike kibanda kiko wapi, kijana wetu amekifungua tena."